Daftari Linalolala Wazi

Mezani kwangu, Magomeni, kuna mchele wa kilo kumi ambao hautapikwa kamwe. Niliushonea mfuko wa kitenge, ukawa kama mto mnene, na kazi yake ni kukaa juu ya ubao, na ubao juu ya madaftari mabichi, hadi kesho yake. Nasema mabichi kwa sababu daftari lililotoka kugundishwa ni bichi kweli. Jalada lina unyevu, kitambaa kinanukia uji, na ukiliacha peke yake mezani litapinda kabla hujamaliza kuosha brashi.

Nilianza kushona madaftari kwa sababu nilikuwa nahangaika kutafuta la kuchorea. Madukani kaunta buku zimejaa, lakini zina mistari, na mimi mistari inaniburuza: nikiiona mkono unaanza kuandika mahesabu. Yale ya karatasi nyeupe niliyoyapata yalikuwa yamebandikwa gundi tu mgongoni. Ukilifungua lazima ulikandamize kwa kiwiko ndipo uchore. Ukilikandamiza sana mgongo unavunjika, na kurasa zinaanza kudondoka moja moja kama majani ya mkungu. Nilitaka kitu kimoja tu, daftari ambalo nikilifungua katikati linalala chali, linabaki hivyo, na mikono yangu yote miwili inakuwa huru. Hilo ndilo ninalolitafuta mpaka leo katika kila daftari ninalotengeneza. Mapambo yanakuja baadaye.

Karatasi naipata Kariakoo, kwenye karakana ndogo za uchapaji. Kila kazi inapokatwa na ile mashine kubwa ya kukatia, vinabaki vipande vya pembeni: vingine vyembamba kama utepe, vingine vipana vya kutosha kutengenezea daftari la mfukoni. Wanaviuza kwa bei ya kutupa, na ukizoeana nao wanakuwekea. Shida ni kwamba havina lebo, hujui hii ni gramu ngapi. Kuna ujanja unaonisaidia sana. Karatasi za A4 zipatazo 16 zikipangwa pamoja zinatimiza mita moja ya mraba. Kwa hiyo hesabu karatasi 16, ziweke kwenye mizani ya jikoni, na namba utakayoisoma ndiyo uzito wa karatasi hiyo kwa mita ya mraba. Ya kawaida ya ofisini itakupa 80. Ikisoma 120 au 150, hiyo ya kuchorea, shika. Kwa rangi za maji ni vizuri ianzie 200 kwenda juu, la sivyo inavimba na kukunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa.

Lakini uzito si mwisho wa habari, na hilo nilijifunza kwa machozi.

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya madaftari kumi na mawili ya sendofu, ya kugawiwa wasimamizi na mashangazi. Ilikuwa Aprili, katikati ya masika, hewa ya Dar imeloa hata chumvi haitoki kwenye kikopo. Nilikata majalada, nikavalisha kitambaa, nikashona, nikayapanga mezani, nikalala kwa furaha. Asubuhi yalikuwa yamepinda yote kumi na mawili, kama ng'onda lililosahauliwa juani. Majalada yamekunja mgongo, na kurasa za ndani zina mawimbi kwenye mshono. Nilikaa chini sakafuni. Sherehe ilikuwa imebaki siku nne.

Nilibeba mawili nikampelekea kijana wa mashine ya kukatia. Hakuangalia hata mshono wangu. Alilishika jalada kwa vidole viwili, akalibonyeza upande mmoja, akaligeuza na kulibonyeza tena, akasema, "Dada, umekata kinyume cha nyuzi."

Karatasi ina nyuzi kama mbao. Kiwandani rojo la karatasi humwagwa juu ya wavu unaokwenda mbio, na vijiuzi vya mti vilivyomo vinalala kufuata mwendo ule, kama majani yanayochukuliwa na mto. Karatasi ikikauka vinabaki na uelekeo huo. Sasa kijiuzi kikinywa maji kinanenepa, hakirefuki kiasi cha maana. Ndiyo sababu karatasi ikipata unyevu inatanuka kwa upana wa nyuzi, na ikikunjwa kinyume cha nyuzi mkunjo wake unachanika na kukataa kulala. Kwenye daftari, nyuzi za kila kitu zinatakiwa zisimame sambamba na mgongo, iwe kurasa, majalada au karatasi ya kubandikia ndani. Zikilala, daftari linapigana na lenyewe maisha yake yote.

Kuzitambua si kazi. Chana kipande: upande mmoja kinachanika mstari ulionyooka, upande wa pili kinakwenda zigizaga. Au lowesha upande mmoja wa kipande kidogo cha mraba na ukiangalie. Kitajiviringa kama mkeka, na urefu wa mviringo huo ndio uelekeo wa nyuzi. Mimi siku hizi nafumba macho tu na kuipinda mkononi. Upande wa nyuzi unakubali, upande mwingine unakaza.

Na hapa kuna jambo linalowaponza wengi wanaoanza. Karatasi ya A4 ya rimu za kawaida mara nyingi nyuzi zake zinakwenda kwa urefu wake, ule wa milimita 297. Ukiikunja mara moja kupata daftari la A5, mkunjo wako unakata nyuzi. Lakini ukiikata kati kwanza, kisha kila nusu ukaikunja, unapata A6, daftari la kuingia mfukoni, na nyuzi zote zimesimama pamoja na mgongo. Ndiyo maana madaftari yangu madogo yalikuwa yananyooka tangu mwanzo bila mimi kujua sababu, na makubwa yananisumbua. Kwa makubwa sasa nanunua karatasi pana ambayo haijakatwa, naikagua nyuzi, ndipo namwambia kijana aipige kisu kwa upande ninaoutaka.

Yale kumi na mawili niliyarudia yote. Yaliyopinda nilibaki nayo, na moja naliweka juu ya kabati hadi leo.

Jalada lenyewe linatoka kwenye kaunta buku zilizokwisha. Majirani wananiletea za watoto mwisho wa mwaka. Nachana mgongo, nabakiza yale mabamba magumu, nayakata kwa wembe mpya na rula ya chuma, polepole, mara nne au tano juu ya mstari uleule. Gundi ninapika: unga wa ngano kijiko kimoja, maji vijiko sita au saba, moto mdogo, koroga bila kuchoka mpaka uji uwe wa kung'aa. Ule wa kwanza nilikuwa natumia moto mkali na ulitoka na mabuje, na buje moja chini ya kitambaa linaonekana kama chunusi daima. Kwa mgongo natumia gundi nyeupe ya mafundi seremala kwa sababu inabaki na ulaini kidogo ikikauka. Uji wa ngano una adui mmoja, mende, anayeupenda kuliko sukari. Madaftari yangu yanakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, na majani makavu ya mwarobaini chini yake.

Kitu kingine kuhusu kupinda: kitambaa kikikauka kinavuta jalada upande wake. Ukibandika karatasi upande wa ndani nayo inavuta, na mvutano unalingana. Kwa hiyo usilihukumu jalada kabla hujalibandika pande zote mbili na kuliacha chini ya uzito siku nzima.

Basi tuje kwenye kanga, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kitenge ni rahisi kukivalisha, kipande chochote ukikata kinapendeza. Kanga inataka uijue. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina. Doti moja ni kanga mbili, na kila kanga ina jina moja tu, kwa hiyo katika doti nzima unapata majalada mawili yenye maneno na si zaidi. Yaliyobaki unakata kwenye mji na pindo. Pindo likikaa upande wa mgongo linatoa ukingo mzuri kuliko wowote ninaoweza kuuchora mwenyewe. Lakini pamba ya kanga ni nyembamba, ukiipaka gundi moja kwa moja inavuja na kuacha madoa. Lazima kwanza uibandike karatasi nyepesi upande wa nyuma kwa uji mwepesi, uianike juu ya kioo cha dirisha, na ukiibandua inakuwa na ugumu wa karatasi na uso wa kitambaa. Hatua hiyo peke yake inachukua usiku mzima, na hakuna njia ya mkato.

Halafu jina. Daftari la A5 likifunguliwa nje nje, jalada la nyuma liko kushoto na la mbele kulia. Maneno yanaanzia nyuma, yanavuka mgongo, yanamalizikia mbele. Maana yake anayeliona daftari limelala mezani anasoma mwisho wa maneno kabla ya mwanzo. Maneno marefu hayaingii kabisa. "Wema hauozi" inakaa vizuri: nyuma wema, mbele hauozi, mtu analigeuza akijiuliza nini hicho kisichooza.

Nilimtengenezea wifi yangu daftari siku yake ya kuzaliwa. Kanga ilikuwa ya zambarau na nyeupe, rangi anazozipenda, na niliichagua kwa rangi. Alilipokea kwa mikono miwili, akasoma mbele, "hana sababu." Akaligeuza. Nyuma kumeandikwa "Hasidi." Alikaa kimya, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, haya umenichagulia mimi?" Wote tuliokuwa sebuleni tulinyamaza. Kwa sisi tuliolelewa na kanga, huwezi kusema sikuyaona maneno. Kanga hupewa mtu kwa maneno yake. Nilimwomba radhi palepale, nikalichukua, na wiki iliyofuata nikamrudishia daftari lilelile limevuliwa jalada na kuvalishwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Maneno ya mbele yakawa "mwenyeji apone". Yeye ndiye mwenyeji wa kila sikukuu yetu. Tangu siku hiyo sikati kanga bila kuisoma kwa sauti, na bila kumfikiria mtu atakayeipokea akiisoma.

Mshono nilifundishwa na mzee fundi viatu aliyekuwa akikaa chini ya mwembe, kituo kimoja kabla ya kwangu. Nilikwenda kwake kununua uzi tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Leta kiatu."

Nikamwambia sina kiatu, nina kitabu. Alicheka, akafuta mikono, akalichukua daftari langu, akavuta uzi kwa ukucha. Ukatoka manyoya. "Uzi mkavu unajitafuna," akasema. Akatoa bonge la nta ya nyuki, jeusi kwa uchafu wa miaka, akaupitisha uzi juu yake mara tatu, akanipa niushike. Ulikuwa uzi mwingine: mzito kidogo, unateleza, na fundo likikazwa linakaa. Aliniuzia na msharasi wake wa zamani, mpini umeingia mashimo ya vidole vyake, na ndio ninaotobolea hadi leo. Sindano inapita tu kwenye tundu lililokwisha kutobolewa na msharasi. Ukitoboa kwa sindano yenyewe matundu yanakwenda upogo.

Kwa anayeanza nashauri kitita kimoja: karatasi kumi zimekunjwa pamoja, matundu matano kwenye mkunjo, uzi unaingia katikati, unakwenda juu, unarudi, unakwenda chini, unarudi, unafungwa ulipoanzia. Dakika kumi na tano. Usilione dogo. Vitabu 13 vya mafunjo vilivyofukuliwa karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, vyenye majalada ya ngozi na umri wa zaidi ya miaka 1600, karibu vyote ni kitita kimoja kimoja tu.

Mshono ninaoupenda kuliko yote ni wa mnyororo. Vitita vinane vya karatasi nne nne, uzi unatoka kwenye kitita cha juu, unazunguka chini ya kishono cha kitita kilichotangulia, unarudi ndani. Ukimaliza, mgongoni panaonekana misuko kama nywele zilizosukwa, na sifuniki. Hakuna gundi mgongoni, kwa hiyo hakuna cha kulizuia daftari lisilale wazi. Waethiopia wameshona vitabu vyao vya dini hivi kwa karne nyingi, wakivifunga moja kwa moja kwenye mabamba ya mbao. Nikikaza fundo la mwisho huwa nawafikiria wale waliokaa na msharasi na mbao, wakikaza fundo hilohilo. Kipimo cha uzi: kimo cha daftari mara idadi ya vitita, ongeza kimo kimoja. Kwa A5 yenye vitita vinane ni sentimita 189. Usikate pungufu, maana kuunga uzi katikati ya mnyororo kunaacha kifundo ambacho vidole vitakikuta kila siku.

Mapambo ya ndani nayafanya kwa vitu vya jikoni. Bamia ikikatwa katikati inatoa ua la pembe tano, na kila bamia ina ua lake. Kipande cha mgomba kinatoa matundu kama sega la nyuki. Chai ya rangi iliyokolea inaipa karatasi wekundu wa udongo, na ukimwagia chembe za chumvi ikiwa bado mbichi inabaki na madoa kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Manjano ndiyo yananipa raha kuliko yote. Yachemshe kidogo, chuja, paka: njano kali ya kiini cha yai la kienyeji. Chovya ncha ya brashi kwenye maji ya sabuni na uchore juu yake, mstari unageuka mwekundu wa kahawia mbele ya macho yako. Wanasema manjano hayadumu, na ni kweli, jua linayafuta kwa siku chache tu. Lakini ndani ya daftari lililofungwa jua haliingii. Nina ukurasa nilioupaka miaka mitatu iliyopita, bado unawaka.

Nyeusi, nyekundu na njano ndizo rangi tatu za kurasa zilizopambwa Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, ambako mafundi wa Kiswahili waliandika misahafu kwa mkono na kuizungushia nakshi. Karatasi yao ililetwa na vyombo kutoka ng'ambo. Nakshi zilikuwa zao. Nilipoziona picha za kurasa zile nilizitazama muda mrefu sana, hasa vile ukingo unavyosukwa bila kuchoka kutoka pembe moja hadi nyingine. Tulikuwa watu wa vitabu vizuri, vya wino na ngozi, na nataka wanangu wajue hivyo. Siigi maandiko yale matukufu kwenye daftari la mapishi. Ila huzichukua rangi tatu hizo kwa ukingo wa ukurasa wa kwanza: nyeusi ya wino, nyekundu ya duka, na njano ya manjano.

Huo ukurasa wa kwanza sasa nauchafua mwenyewe kwa makusudi, na nina sababu. Kwa miaka miwili kila niliyempa daftari aliniambia maneno yaleyale: "Zuri mno, naogopa kuliandika." Wanalifunga kwenye kitambaa, wanaliweka kabatini na vikombe vya wageni. Iliniuma. Nimehesabu nyuzi, nimepika uji, nimetoboa matundu arobaini ili lilale wazi, na limefungwa. Kwa hiyo kabla daftari halijatoka kwangu nagonga bamia mbili tatu ukurasa wa kwanza, mojawapo imekaa upande, na chini yake naandika kwa penseli tarehe na hali ya hewa ya siku niliyolimaliza. "Jumanne. Mawingu. Umeme umekatika saa mbili." Mtu akilifungua anakuta limeshaanza.

Mzee wa viatu naye nilimpa lake. Dogo, A6, kitita kimoja, jalada la pindo jekundu. Alilishika, akasema Mungu akubariki binti, akalifunga kwenye mfuko wa nailoni, akalitia kwenye boksi la misumari. Kila nikipita namwona anaandika majina ya wateja kwenye kipande cha boksi. Sikusema kitu.

Mwezi uliopita aliniita nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Daftari lilikuwa mkononi. Lilikuwa limejaa mpaka ndani ya jalada: namba za miguu, nusu soli, visigino, majina, fulani kalipa, fulani bado elfu mbili. Kila ukurasa una alama ya dole gumba la rangi ya viatu, nyeusi, na pembeni pamenata nta. Lilikuwa limelala wazi juu ya goti lake.

"Jalada bado zima," akaniambia. "Nitolee haya ya ndani, unitilie mengine. Ila safari hii weka karatasi nyingi."

Nilikaa kwenye kigoda chake cha wateja, nikakata uzi kwa wembe wake.